Rangi ya Mlango wa Nakshi

SWALI: Nimerithi nyumba ya marehemu babu katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Mlango wa nakshi na madirisha vimepakwa rangi ya mafuta mara nyingi, na sasa inabanduka. Nipake ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, mlango nakusihi usiupake rangi kabisa. Milango hii huchongwa kwa msaji au mvule, mbao zenye mafuta yake, nayo rangi nzito, katika unyevunyevu wa pwani, hufungia maji ndani hadi ikavimba na kubanduka, mbali na kuziba nakshi zenyewe; tazama ua la yungiyungi kwenye kizingiti cha juu, huenda petali zimekwisha kuwa donge moja. Iondoe taratibu kwa dawa ya kulainisha rangi na kijiti, wala usipige msasa mkavu, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru hasa watoto. Kisha sugulia mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa kitambaa, na matambara uyaanike wazi, maana yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Madirisha, yanayopigwa na jua na mvua, yanastahili rangi ya mafuta isiyong'aa sana, juu ya praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia kupakwa. Kabla ya kuanza, wasiliana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.