Daku la simu

Mdogo wangu wa Magomeni kanibana juzi: "Kaka, achana na picha za theluji. Ukiwa peke yako huko unaswali wapi, unakula nini, unaongea na nani?"

Nikujibu kwa mwaka 2020, maana ndio ulionikomesha. Uingereza ilifungwa Machi 23 kwa sababu ya corona, misikiti nayo ikafungwa. Mwezi mmoja baadaye Ramadhani ikaingia. Nyie Dar mlikuwa mnaswali tarawehe msikitini kama kawaida. Mimi nipo chumba kimoja hapa Leicester, imamu mimi, maamuma mimi.

Kosa langu lilikuwa kupiga simu saa ya futari yenu. Mama anaiegemeza simu kwenye jagi la uji, naona kila kitu: magimbi ya nazi, tambi, kaimati zinang'aa shira. Saa 12:20 adhana inalia, mnachukua tende. Kwangu ni saa 10:20, jua kali dirishani, na magharibi yangu mpaka saa 2:25 usiku. Nikitaka kukata, Mama anasema, "Kaa kidogo, mwanangu." Nakaa, nawaangalia mkitafuna. Siku ya nne nikadanganya bando limeisha.

Dawa ilikuwa daku. Huku saa 8 na nusu usiku, huko saa 10 na nusu, sote tunakula wali wa jana kwa macho ya usingizi. Hakuna wa kumtamanisha mwenzake. Mazungumzo ya maana yote ya mwezi ule, hata habari ya presha ya Baba ambayo walikuwa wananificha, niliyapata saa hiyo.

Chakula kisikutishe. Mhogo upo, wa kugandishwa, maduka ya Wahindi. Wao wanauita "mogo". Familia zao nyingi zilitoka Uganda, Amin alipowafukuza mwaka 1972, wakaja na neno letu mfukoni. Tui la kopo lipo pia, ila linanukia kopo.

Kitakachokuuma ni jirani. Nilikaanga kaimati, nikaweka sahani mlangoni kwa bibi mmoja Mwingereza, nikagonga, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Alifurahi kweli, akapunga mkono. Kesho yake nikaikuta sahani kizingitini kwangu, imeoshwa safi, tupu. Kwetu Magomeni tungemjadili wiki nzima! Kumbe kwake kuiosha ndiyo heshima.

Idd, Mei 24, niliswali nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, kisha nikapika pilau Mama akisimamia kwenye simu: "Kitunguu bado, kitunguu bado... haya, tia bizari." Nikala sufuria lile siku tatu.

Kwa hiyo ukija, swala na futari utavimudu. Upweke utakukuta, sikufichi. Ila usiache kuja na mbuzi. Nazi nzima zinauzwa hapa, mbuzi za kukunia ndio hakuna, na mimi ile yangu siazimishi.