Kwa nini Halotel ilikimbilia vijijini

Umeuliza kwa nini Halotel, kampuni ya simu ya hapa Tanzania, ilikimbilia vijijini wakati wateja wenye hela wako mjini. Mjini ilichelewa, ndugu yangu. Ilipoanza huduma Oktoba 2015, Vodacom, Tigo na Airtel walishajigawia Dar, Mwanza na Arusha, na mtu hatupi laini yenye namba zake zote kwa sababu ya ofa ya wiki moja. Kijijini, mwenye mnara wa kwanza ndiye anayeuza vocha.

Halafu mwenye Halotel ni Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Mchezo huo ilishaucheza Msumbiji kupitia Movitel, mtandao wake wa huko: kutandaza nyaya za faiba na minara hadi wilayani kwanza, faida baadaye.

Ila usidhani ni huruma tupu. Mnara wa porini unakula hela: barabara mbovu, dizeli ya jenereta au sola na betri, na mlinzi wa kulala pale pale. Ndiyo maana upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), wa sheria ya 2006, unaotoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga kusikolipa. Mitandao mingine nayo inaichukua, si Halotel peke yake.