Usisaini hiyo barua mdogo wangu

Pole sana mdogo wangu, yani unaingia saa 12 asubuhi unatoka saa 2 usiku siku sita, ovataimu hulipwi, halafu meneja anakuletea barua eti unaacha kazi kwa hiari yako, usisaini kabisa. Mimi nilisaini kama hiyo kwenye gesti moja niliyokuwa nafanya kazi hapa Dodoma, peni alinishikisha meneja wa pale mwenyewe, nikatoka na nauli ya daladala ya Nkuhungu tu. Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi unalipwa mara moja na nusu. Piga picha rosta, andika saa zako kila siku. Wakikufukuza wahi CMA, ile tume ya usuluhishi, ndani ya siku 30, mimi nilienda baada ya miezi mitatu nikaambiwa nimechelewa.