Vidonge vya ini na tumbo kuharibika: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama vidonge vya mitishamba vya ini ndivyo vinavyokupeleka chooni mara nne kwa siku. Kwangu vilikuwa ndivyo.

Nilikuwa nameza kimoja asubuhi kabla ya kula. Siku ya tatu tumbo likaanza kunguruma hadi aliyekaa pembeni anasikia, choo kikawa chepesi, cha manjano, na hakingoji. Rafiki akaniambia "hiyo ni sumu inatoka", nami nikamwamini wiki nzima. Upuuzi mtupu. Ini hufanya kazi yake usiku na mchana, na taka zake hutoka kwa nyongo na mkojo bila kumkimbiza mtu.

Ndipo nikageuza kopo nikasoma yale maandishi madogo. Nilidhani nameza silimarini tu, ile dawa ya ini inayotolewa kwenye mbegu za mmea uitwao Silybum marianum. Kumbe ndani mlikuwa na mimea mingine: majani ya artichoki, mizizi ya dandelioni na manjano (binzari), vyote chini ya jina moja, "mchanganyiko maalumu", bila kusema kila kimoja kiasi gani. Artichoki na manjano huchochea nyongo. Nyongo husaidia kuyeyusha mafuta, lakini ikizidi kufika utumbo mpana huvuta maji, na hapo ndipo mbio huanza. Dandelioni ina inulini, nyuzinyuzi ambazo bakteria wa tumboni huzichachusha: gesi hiyo. Silimarini yenyewe wengi huivumilia, ingawa nayo huweza kulegeza choo au kuleta kichefuchefu.

Niliacha siku kumi, tumbo likatulia. Nikarudia kimoja baada ya kula. Jioni yake mngurumo ukarudi, safari hii kwa mbali. Nikahamia silimarini tupu, kimya. Jaribio la mtu mmoja, najua, ila lilinitosha.

Kuna jambo sikulijua wakati ule, na lingeweza kunigharimu. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo asiguse vitu vya kuchochea nyongo bila daktari kujua, maana jiwe likisukumwa huweza kuziba mrija. Maumivu yake hukaa chini ya mbavu za kulia, mara nyingine hupanda hadi bega.

Halafu angalia kama manjano yako yamechanganywa na pilipili manga, ambayo huyafanya yafyonzwe zaidi. Kuna watu ini lao limeumia kwa vidonge vya manjano, na vya chai ya kijani iliyokolezwa pia. Macho yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka au mwili ukawasha, acha siku hiyohiyo, nenda ukapimwe na ubebe kopo lenyewe. Daktari wangu hakuuliza mitishamba hadi nilipoitaja mwenyewe.

Sasa tuandikie hapa kilichoandikwa nyuma ya kopo lako, na kama unameza kabla au baada ya kula.