Maswali na majibu: Glukosi ni ileile, kifungo ndicho kinachotofautiana

Maswali ya juma hili yametoka zaidi kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na karibu yote yanahusu kifungo cha glaikosidi, yaani kile kiungo cha oksijeni kinachobaki kati ya sukari mbili baada ya molekuli moja ya maji kutolewa. Sitaeleza upya glukosi ni nini.

Swali (Nyegezi): Shikamoo mwalimu. Wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi. Kwa nini ugali wa muhogo tunaumeng'enya na pamba hatuwezi?

Marahaba. Sababu ni upande ambao kifungo kimeelekea, na hapo ndipo wengi wenu mnapopita mbio. Katika glukosi ya alfa, kundi la haidroksili la kaboni namba 1 huchorwa chini ya pete. Katika ile ya beta huchorwa juu. Vifungo vya alfa 1,4 huupinda mnyororo ukawa msokoto wenye glukosi zipatazo sita kwa kila mzunguko, na hiyo ndiyo amilosi ya muhogo, mahindi na viazi. Vifungo vya beta 1,4 huilazimu kila glukosi igeuke nyuzi 180 kwa kulinganishwa na jirani yake, mnyororo ukanyooka, na minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikamana kwa vifungo vingi vya haidrojeni hadi ikawa uzi imara usioyeyuka majini. Pamba inayolimwa Kwimba na Magu ni uzi huo: takribani asilimia 90 yake ni selulosi. Amilesi, kimeng'enya cha mate yetu, hulikamata umbo la alfa tu, na hatuna kimeng'enya chetu wenyewe cha kuikata beta ya selulosi. Ukiandika katika mtihani kwamba selulosi haimeng'enywi "kwa sababu ni ngumu", umetaja tokeo na kuiacha sababu. Nimelisema hili mara nyingi, na nitaendelea kulisema maadamu madesa yanayouzwa mitaani yanachora wanga na selulosi kwa mchoro mmoja.

Swali (Misungwi): Je, ng'ombe ana selulesi yake, yaani kimeng'enya cha kuikata selulosi?

Hana. Walio nayo ni vijidudu wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, naye hujilisha kwa asidi nyepesi wanazozitoa.

Swali (Pasiansi): Naomba tofauti kati ya amilopektini na glaikojeni.

Swali hili huletwa tena na tena, ingawa jibu lake limo katika kitabu chochote cha biolojia ya juu. Amilopektini ni sehemu ya wanga wa mimea yenye matawi, na glaikojeni ni akiba ya glukosi ya wanyama. Zote mbili zina shina la vifungo vya alfa 1,4 na matawi yanayoanzia kwenye vifungo vya alfa 1,6. Amilopektini hutoa tawi kila baada ya glukosi 24 hadi 30 hivi, glaikojeni kila baada ya 8 hadi 12. Swali ambalo ningependa mniulize ni kwa nini. Vimeng'enya huchomoa glukosi kuanzia nchani, na penye matawi mengi pana ncha nyingi, hivyo glukosi hupatikana kwa kasi. Sangara anayepambana na ndoano anaihitaji papo hapo, ilhali kiazi kinaweza kusubiri mvua. Wale wanaotafuta wanga katika minofu ya sangara wanapoteza iodini yao, ile dawa inayogeuka bluu ikikutana na wanga: mnyama hahifadhi wanga, na samaki aliyehangaika sana wavuni hufika mwaloni hata glaikojeni ya misuli yake ikiwa imepungua mno.

Swali (Kirumba): Nilitia iodini kwenye uji wa moto, rangi haikutokea. Je, iodini imeharibika?

Subiri uji upoe. Rangi ya bluu iliyokoza hutokea iodini inapokaa ndani ya msokoto wa amilosi, na joto huulegeza msokoto huo.

Swali (Bukoba): Je, ganda la senene ni selulosi?

Siyo, ni kitini iliyochanganyika na protini. Kifungo chake ni beta 1,4 vilevile, ila kwenye kaboni namba 2 ya kila sukari haidroksili imeachia nafasi kundi lenye naitrojeni. Ganda la uduvi wa ziwani nalo lina kitini hiyohiyo. Hukuuliza, lakini mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu na senene, kwa kuwa zipo protini zinazofanana katika wanyama hao wawili.

Swali (mama mmoja, Sengerema): Mwalimu, binti yangu anasema sumu ya muhogo mchungu nayo imefungwa kwa kifungo cha glaikosidi. Ni kweli? Na je, kuchemsha hakutoshi?

Ni kweli, mama, na binti amesoma vizuri kuliko wengi wanaodhani kifungo hiki huunganisha sukari na sukari tu. Linamarini ya muhogo ni glukosi iliyounganishwa kwa kifungo cha beta na kitu kisicho sukari, kilichobeba sayanidi. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kukikata kifungo hicho, lakini katika seli nzima viwili hivyo hukaa mbalimbali. Kuparuza, kuponda na kuvundika huvikutanisha. Glukosi huachia, na haidrojeni sayanidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za sentigredi, hupotea hewani. Ukitumbukiza vipande vikubwa katika maji yanayotokota, unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, huku linamarini ikistahimili joto na kubaki ndani. Kwa hiyo kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu.

Hatari huja hasa wakati wa ukame, watu wanapofupisha siku za kuvundika udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, na mboga yenye protini ikiwa haipo. Tarime walilipata hilo mwaka 1985, kwa ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu na usiopona. Unga wa muhogo ukiutilia shaka, ulowanishe kwa maji, utandaze tabaka jembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha usonge ugali siku hiyohiyo.