Namba moja ni Love, si Singleton
Kaka, hapo uliposema Singleton wa Penn State ndiye mkimbiza mpira (running back) bora wa futiboli ya Kimarekani ngazi ya vyuo kuelekea msimu wa 2025, nakukatalia. Mbio anazo, sibishi, ila mipira alikuwa anagawana na mwenzake Kaytron Allen, na mwaka 2024 wote wawili walivuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira. Mimi namchukua Jeremiyah Love wa Notre Dame. Zile yadi 98 alizokimbia mpaka kufunga dhidi ya Indiana kila mtu anazo kichwani. Mimi nakumbuka yadi 2 tu, kwenye nusu fainali ya Orange Bowl, dhidi ya hao hao Penn State: goti bovu, mabeki wamemng'ang'ania, akanyoosha mkono mpaka mpira ukavuka mstari wa goli. Ashton Jeanty, mkali wa 2024 kwa yadi zake 2,601, alishaenda Raiders ya ligi ya kulipwa (NFL), kiti cha namba moja kilikuwa wazi.