AC za split au AC moja ya dakti kwa nyumba ya vyumba vitatu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Namalizia nyumba ya vyumba vitatu na sebule hapa Tanga, Raskazone, bahari iko jirani. Bati limeshapigwa, jipsam na plasta bado. Fundi mmoja ananishauri niweke AC kubwa moja, hewa ipite kwenye dakti (mifereji ya hewa) juu ya dari. Mwingine anasema kila chumba kiwe na split yake (mashine moja ndani, moja nje). Nimfuate nani? Halafu, mama yangu yuko Lushoto na baridi ya Juni na Julai inamtesa. Je, split inaweza kupasha joto?

JIBU: Mfuate huyo wa pili. Sababu kubwa iko juu ya kichwa chako: bati. Saa nane mchana, nafasi iliyo kati ya bati na jipsam huwa na joto kuliko hata uani. Ukipitisha dakti humo, hewa uliyokwisha kuilipia umeme inapashwa moto upya kabla haijafika chumbani, na kila kiungo kinachovuja kinawapoza panya wa darini. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema upotevu wa dakti unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati inayotumika kupoza au kupasha nyumba, hasa dakti zinapopita sehemu isiyopozwa kama hiyo. Split haisafirishi hewa. Kinachosafiri ni gesi, ndani ya bomba jembamba la shaba lililovikwa sponji.

Faida nyingine ni kupoza pale mlipo tu. Usiku sebule inazimwa, vyumba vya kulala vinawaka. Hata hivyo umeme utapanda. Mashine ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ya inverta, yaani inayojipunguza kasi yenyewe, ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia karibu wati 800, kisha hushuka chumba kikishapoa. Tukichukua wastani wa wati 400 kwa saa nane kila usiku, ni uniti 96 kwa mwezi. Kwa hiyo kama LUKU yako iko tarifa ya D1, ile ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, AC moja tu inakutoa humo.

Utaambiwa pia kuna aina ya mashine moja ya nje inayolisha vyumba vitatu au vinne. Inapendeza ukutani, lakini kompresa (pampu inayosukuma gesi) ikifa, nyumba nzima inalala na joto. Split za mmoja kwa mmoja zinakupa nafasi ya kuhamia chumba cha jirani.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na 9,000. Kikiwa cha mita 4 kwa 4 na dirisha linalotazama machweo, weka 12,000. Sebule ya mita 5 kwa 6 iliyoungana na jiko inataka 24,000. Usizidishe ukidhani unajinufaisha. Mashine kubwa isiyo ya inverta hupoza haraka, ikajizima kabla haijakausha unyevu wa pwani, na shuka zinabaki na ubichi. Weka rimoti kwenye 26 na uwashe feni.

Kwa kuwa plasta bado, fanya haya sasa. Kila AC iwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme, wa 2.5 mm² na breka ya ampia 20 kwa mashine ndogo, 4 mm² kwa ile ya 24,000. Bomba la kutoa maji yanayodondoka ndani ya AC lipite ukutani kwa mteremko wa sentimita 1 kila mita, na umwage lita moja ya maji kulijaribu kabla ukuta haujafungwa. Split nyingi zinazodondosha maji kitandani si mbovu. Ni bomba lililolala au lililoziba uchafu.

Pa kumsimamia fundi kwa macho ni kwenye gesi. Ncha ya bomba ikishatanuliwa, nati ikazwe kwa spana ya kipimo: bomba la robo inchi Nm (nyutoni-mita) 14 hadi 18, la 3/8 Nm 33 hadi 42. Akikaza kwa mabavu ncha inapasuka, na gesi inavuja polepole miezi kadhaa. Kisha apime uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, ndipo afunge pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu bombani, kwa nusu saa au zaidi, mpaka geji ishuke chini ya mikroni 500 (kipimo cha vakyumu). Aizime, asubiri dakika 10. Geji ikipanda sana, kuna uvujaji au unyevu. Wengi huruka hatua hii: hufungua gesi kidogo “kusukuma hewa”, basi. Unyevu unaobaki unachanganyika na oili, inatengenezwa asidi, na kompresa inaliwa taratibu. Na ukisikia “gesi imeisha, tuongeze” kila mwaka, jua gesi ya AC haiishi kwa matumizi. Imepungua kwa sababu inavuja. Itafutwe tundu kwanza.

Chumvi ya Raskazone ni kali. Mashine ya nje ikae upande usiopigwa na upepo wa bahari, mapezi yake yawe yamepakwa rangi ya kinga (mara nyingi bluu au dhahabu), boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zima breka, uioshe kwa maji baridi yasiyo na presha kila mwezi. Filta ya ndani kila wiki mbili.

Kuhusu mama: ndiyo, ila si kila split. Inayopasha joto ina vali ya kugeuza mzunguko wa gesi, ikachota joto nje na kulileta ndani. Kwa baridi ya Lushoto, uniti moja ya umeme inaweza kuleta joto la uniti tatu hivi, hita ya waya inaleta moja. Usidanganywe na alama ya jua kwenye rimoti, kwani rimoti moja hutengenezwa kwa mashine za aina nyingi. Soma kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje: lazima kiandike uwezo wa kupasha, si wa kupoza peke yake. Na siku atakayoanza kuitumia, jiko la mkaa litoke chumbani kabisa. Split haiingizi hewa safi, inazungusha ileile ya ndani, na moshi wa mkaa usioonekana unaua mtu akiwa usingizini.